Kabla Hujafika Segera

Mwanangu Sefu,

Salamu za mdomo nimekwishakupa asubuhi, na uzima wangu umeuona kwa macho yako siku zote ulizokaa nami hapa kambini, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Sasa hivi uko uwanjani na Wachina wa reli. Nasikia mpira ukidunda. Jua bado lipo, na mwenzangu wa chumba amekwenda kutafuta sigara, kwa hiyo leo meza ni yangu. Kesho alfajiri gari la kokoto litakuchukua, nami nitakuwa nimeshaingia zamu ya kubeba mataruma ya reli. Hatutapata nafasi ya kusemezana. Hata tungeipata, unanijua. Ningekuuliza kama umefunga begi vizuri, basi.

Umesafiri kutoka Handeni mpaka huku Makambako, kwenye baridi hii, kuniomba neno moja. Siku ile uliyofika uliniambia, "Baba, wewe sema tu. Utakalosema ndilo nitakalofanya." Mimi nikakuuliza kama umekula. Wiki nzima nimekuwa nikikuuliza kama umekula. Nimeona ulivyokuwa ukinitazama jioni, ukingoja, na mimi nikijifanya nakagua buti zangu. Si kwamba nilikuwa sina la kusema. Nilikuwa nalo jingi mno, na sikujua lianzie wapi.

Jambo lenyewe tunalijua wote wawili. Serikali imekuchagua kwenda chuo cha ualimu Korogwe, na usiporipoti siku wanayofungua, nafasi yako atapewa mwingine. Na yule bwana wa Tanga aliyekuona ukicheza mpira wa kikapu kwenye mashindano ya shule amekutafutia timu Uarabuni, timu ya kampuni ya mafuta, ambako mtu analipwa kwa kucheza tu na analala kwenye nyumba yenye umeme. Naye pia hangoji. Ukifika Segera njia zinagawanyika. Ukishika ya Korogwe, ni chuo. Ukishika ya Tanga, ni Uarabuni.

Mwenyekiti wa kijiji amesema kijana aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima haendi kuwarukarukia matajiri wa mafuta. Wenzako wamekuambia ukiikataa bahati hii wao watakuona mwehu, na kwamba chaki utaikuta palepale hata ukirudi mzee. Mama yako, kwa jinsi ulivyonisimulia, alisema, "Kamuulize baba yako, yeye ndiye aliyewahi kuufuata mpira." Nimecheka peke yangu juu ya maneno hayo. Ametukanya wote wawili kwa mkupuo mmoja.

Sitakuandikia habari za kusali, kula, na kuangalia mfuko wako ndani ya basi. Hayo mama yako anayasema vizuri kuliko mimi. Nataka nikuambie mambo ya Korogwe, ya wakati nilipokuwa na umri kama wako, maana wewe umeyajua nusunusu. Vumilia mwandiko. Ni wa darasa la nne, na mikono yangu imeshazoea vyuma.

Wakati ule mashamba ya mkonge yalishindana kwa mpira kuliko yalivyoshindana kwa mkonge wenyewe. Kila shamba lilikuwa na timu yake, na wakubwa wa mashamba walioneana wivu kwa wachezaji kama watu wanavyooneana wivu kwa ng'ombe. Sisi vijana wa vijijini tulikuwa tukienda Korogwe kucheza na timu hizo na kufungwa. Siku moja tulifungwa mabao mengi, lakini mimi, niliyekuwa namba saba, niliwasumbua sana. Mechi ilipokwisha nyapara mkuu wa shamba moja akaniita pembeni, akaniuliza kama nataka kazi.

Kazi ya mchezaji ilikuwa hivi. Uliandikwa kama manamba wengine na ulipewa kipande kama wao, ile kadi ambayo nyapara huitia alama kila siku unapomaliza kazi. Lakini kisu cha mkonge hukukishika. Uliwekwa mahali pa nafuu, getini, au kwenye bustani ya bwana shamba. Mimi niliwekwa stoo ya magunia. Kazi yangu kubwa ilikuwa kulala juu ya magunia. Hata siku za mazoezi, kipande changu kilitiwa alama kama mtu aliyekata sehemu yake yote.

Nilirudi nyumbani kuaga. Kwetu, kama ujuavyo, kukata mkonge ilikuwa aibu. Hiyo ilikuwa kazi ya watu waliotoka mbali, Kigoma, Songea, Rungwe, walioletwa wakiwa wameandikwa namba. Mzigua alikuwa na mahindi yake, na mwaka wa njaa alikula ming'oko ya porini akakaa kwake. Nilimkuta babu yako anachonga mpini wa jembe. Akasema, "Mzigua hakati mkonge." Nikamjibu, "Sikati mkonge, baba. Nakwenda kucheza mpira." Akaendelea kuchonga. Nilisimama pale mpaka mpini ukaisha, akachukua mti mwingine akaanza tena. Hakusema nenda, hakusema baki. Nikaondoka hivyo.

Sasa nitakuambia kitu ambacho wazazi hawapendi kukisema. Nilikuwa na raha. Huku juu, nikiwa nimelala na baridi inapenya kwenye mabati, mara nyingi narudi kule kwa mawazo. Naona singa za mkonge zilizoanikwa kwenye nyaya, nyeupe uwanja mzima, jua la asubuhi likizipiga. Nasikia korona, ile mashine ya kusaga majani, ikinguruma, na harufu yake kali ambayo mgeni hushika pua na mwenyeji haisikii tena. Jumamosi jioni kila kabila lilipiga ngoma yake mbele ya nyumba zake, ukitembea kutoka mwanzo wa kambi mpaka mwisho umeizunguka Tanganyika nzima. Jumapili watu wa Kwamndolwa walikuja kwa miguu kutazama mechi, na akina mama wa Kilole walipanga sinia za vitumbua nyuma ya goli. Bwana shamba, Mgiriki mmoja mnene, alikaa kwenye kiti chake na leso kichwani. Sheria za mpira alikuwa hazijui hata moja. Alipiga makofi kila mtu alipoanguka, awe wetu au wao.

Na ile mechi ya sherehe za Uhuru. Ulikuwa mdogo, sijui kama unaikumbuka. Mama yako alikuja na wewe kutoka kijijini, mjomba wako akakubeba mabegani. Bendera mpya ilifungwa juu ya goli, na goli lenyewe lilikuwa la milingoti ya mkonge, kwa hiyo kila mpira ulipogonga mwamba bendera ilitikisika na watu wakashangilia kama bao. Niliwapita mabeki wa mjini wawili, nikatia mpira katikati, mwenzetu akafunga kwa kichwa. Watu waliingia uwanjani. Mzee mmoja nisiyemjua alinishika mashavu akalia. Mimi nikadhani analia kwa ajili yangu. Siku ile kila mtu alilia kwa ajili ya jambo kubwa kuliko krosi yangu, lakini nilikuwa kijana, nikajichukulia machozi yote.

Kulikuwa na fundi mkuu wa korona, Mzee Yusufu, mtu wa Kilole. Alikuwa akipita stoo kuchukua vifaa, ananikuta nimelala. Siku moja aliniambia, "Rajabu, unalala mchana kutwa. Njoo nikufundishe mashine." Nikamwambia nitachafua mikono na kesho tuna mechi. Akaniuliza, "Kwani mnacheza kwa mikono?" Wenzangu walilicheka neno hilo siku nyingi, na mimi nilicheka nao. Sikwenda. Yeye aliniita tena na tena, mpaka akachoka akamchukua kijana mwingine. Kijana yule baadaye alipata kazi Tanga, kwenye karakana. Nilimwona mara moja stesheni ya Korogwe, amevaa bwelasuti safi. Tulisalimiana vizuri.

Goti langu unalijua, maana ulikua ukiliona. Ilikuwa masika, uwanja umejaa tope, beki wa shamba la jirani akaniangukia. Hakukusudia. Mganga wa shamba alilifunga, likapona vibaya. Nilipoweza kutembea, nyapara mkuu alikuja, yule yule aliyeniita pembeni. Hakunitukana. Aliniambia kesho niripoti shambani, kwenye mstari wa Kigoma. Nilipokwenda stoo kuchukua koti langu, nilimkuta namba saba mpya amelala juu ya magunia yangu.

Kigoma alikuwa mkataji. Tulimwita hivyo kwa sababu ndiko alikotoka. Mtu mfupi, mweusi, kimya, umri wa baba mdogo. Aliponiona nachechemea nikiwa na kisu kipya, alisema, "Karibu, namba saba. Huku hakuna refa." Mstari mzima ukacheka. Kisha akanifundisha. Alinionyesha kuanza kwa kukata mwiba wa ncha usije ukanitoboa jicho, na namna ya kupaka mafuta mikononi ili utomvu usiniwashe mpaka kujuta. Nilijifunza polepole. Sehemu yangu nilikuwa siimalizi, na yeye akimaliza yake alikuwa akija kunisaidia bila kuombwa.

Siku moja tumepumzika nikamshukuru, nikamwambia pole kwa kumkatisha majani yangu. Akaniambia, "Majani yako nayajua. Nimeyakata muda mrefu." Nilidhani ananitania. Akanieleza, bila hasira, kama mtu anayekueleza njia. Mchezaji alipotiwa alama kwenye kipande, mkonge wake haukujikata. Nyapara aliurefusha mstari wa watu wengine kidogo kidogo. Sehemu yangu ilikuwa imewaangukia yeye na wenzake wale waliokaa pale. Yeye akasema, "Lakini ulikuwa unacheza vizuri. Jumapili nilikuwa nawaambia hawa, mtazameni, ile pale ni kazi yangu inakimbia."

Sefu, nimefikiria maneno yale kuliko maneno yoyote niliyosomewa darasani au msikitini, Mungu anisamehe. Hakuwa ananilaumu. Aliona fahari. Alikuwa ametoa jasho lake, na hakuwa na kitu cha kuonyesha isipokuwa miguu yangu, na mimi nilipokuwa nakimbia sikujua kwamba yupo.

Nyumbani nilikuwa nimekwishasema kwamba sikati mkonge. Kwa hiyo sikusema. Ningeweza kurudi Handeni nikalima na babu yako. Goti halikatazi kupalilia. Badala yake nilikata mkonge miaka mingi kwa sababu ya kuficha kwamba nakata mkonge. Nilikuwa nakuja nyumbani na shati la timu, naingia magharibi, nakaa mbali na taa, na mama yako akiniuliza habari za stoo namjibu. Yeye alijua. Anafua nguo, atakosaje kujua? Alininyamazia kwa kunionea huruma, nami nikadhani nimefaulu.

Bei ya mkonge ilipoanguka watu walipunguzwa, na Kigoma akarudi kwao. Nilimbebea sanduku mpaka stesheni. Baada ya hapo, katika kuja kwangu nyumbani, babu yako alinishika mkono wakati wa kusalimiana, akaugeuza, akapitisha kidole gumba kwenye makovu. Macho yake yalikuwa yameshaanza kwenda. Nikangoja. Nilidhani sasa atanitolea maneno aliyoyaweka tangu siku ya mpini. Akaniuliza, "Siku zile ulizokuwa unacheza, sehemu yako alikuwa anakata nani?" Yeye alikuwa mkulima tu, shamba la mkonge hakuwahi kukanyaga, lakini alijua kazi haiyeyuki. Nikamwambia kulikuwa na mtu mmoja wa Kigoma. Akauliza, "Jina lake nani?"

Sikulijua. Tulikaa mstari mmoja, tulikula sufuria moja, na jina la mtu yule sikuliuliza, kwanza kwa kiburi, halafu kwa aibu ya kuchelewa kuuliza. Babu yako aliuachia mkono wangu akaomba maji. Hakuniuliza tena habari za mpira mpaka tunamzika.

Usinielewe vibaya. Sijuti kucheza. Mtu akiniambia nichague upya, siwezi kuapa kwamba nitaikataa ile stoo na ile Jumapili. Ninachojuta ni usingizi wa kwenye magunia, na yule mtu niliyemwacha bila jina. Kwa hiyo jambo hili nakuomba, uwe chuoni au uwe Uarabuni. Utakapojiona uko mahali pa nafuu, tafuta nani anakata sehemu yako, umjue. Anayekata yako sasa, mimi namjua. Siku za shamba la kijiji mama yako analima zamu yake, kisha analima na yako, ili mwenyekiti asikutaje mkutanoni. Hakukuambia. Mimi nimeambiwa na mjomba wako.

Sasa nije kwenye Jumapili iliyopita. Mpira wa kikapu mimi nilikuwa sijawahi kuuona. Nilijua tu kwamba mwalimu wenu mgeni alifunga pete za pipa kwenye nguzo mbili pale shuleni, na kwamba wewe ni mrefu. Wachina walipokuita nilikaa kwenye rundo la mataruma na watu wa genge langu la kazi. Ulipoanza kucheza, watu wa genge wakanitazama mimi kama vile mimi ndiye ninayecheza. Umewafunga jinsi ulivyotaka. Nimeona mchezaji mzuri na naweza kumtambua hata kama mchezo siujui. Yule bwana wa Tanga hakukosea.

Lakini nilitazama jambo jingine pia. Kila ulipotumbukiza mpira, uligeuka ukarudi nyuma, hukumtazama mtu. Ulikuwa kama mtu anayekata kuni. Halafu mechi ilipokwisha, yule Mchina kijana anayepima udongo, yule mfupi wa miwani ambaye wenzake wanamcheka, akabaki anarusha na kukosa. Ukarudi. Hamjui lugha moja. Ulimshika kiwiko ukakiinua, ukamkunja kifundo cha mkono, ukamsukuma magoti kwa goti lako. Akakosa. Ukamrudia tena, bila kuchoka, na watu walikuwa wameshaitwa kula. Mpira ulipoingia, yeye alipiga kelele, na wewe ukageuka haraka ukanitafuta mimi kwa macho mpaka ukanipata. Sijaona uso wako vile tangu ulipokuwa mabegani kwa mjomba wako.

Basi neno langu ni hili. Ukifika Segera, shika njia ya Korogwe. Nenda chuo. Sikwambii hivyo kwa ajili ya goti langu, maana magoti yako ni yako. Wala kwa ajili ya mwenyekiti; yeye kama asingepata watu wa kulima shamba la kijiji angekuuza kwa Waarabu mwenyewe. Nakuambia kwa ajili ya kifundo cha mkono cha yule Mchina. Na kwa sababu moja ya ubinafsi, nisikufiche. Reli hii itakwisha, nitarudi nyumbani, na Korogwe najua njia ya kuja kukuona. Uarabuni sijui.

Hilo ni neno la baba yako, la mtu aliyesoma kidogo na kuchoka sana, na huenda nimekosea. Nimelisema ili usiondoke kama nilivyoondoka mimi, nikitembea na ukimya wa mzazi, kila likinipata baya nasema labda ndilo alilokuwa analitaka. Wewe umepewa neno. Unaweza kulifuata, unaweza kulivunja. Ukilivunja hutanikuta nimenuna. Sikuifunga radhi kwenye neno hili. Radhi yangu unayo njia zote mbili.

Naona mpira umenyamaza, unakuja. Nitaiweka barua hii kwenye begi lako chini ya sweta, uisome ndani ya gari nikiwa mbali. Kama pale Segera moyo wako utakataa Korogwe, panda la Tanga bila kugeukageuka. Ila ukifika huko niandikie jina la timu yako kwa herufi kubwa, nijizoeze kulitamka, maana watu wa genge wataniuliza mwanangu anachezea wapi, na nataka niwajibu bila kukwama.

Mimi baba yako,
Rajabu